Nikikitoa kitabu rafuni, nimechagua au nimezuia?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari ya kata, na tangu mwaka jana nimekabidhiwa maktaba. Ukutubi sijasomea. Muhula huu yamenikuta mawili. Mzazi mmoja alikuta kwenye begi la binti yake wa kidato cha pili kitabu cha mabadiliko ya mwili wakati wa balehe, chenye michoro, akaja nacho ofisini kwa hasira. Mkuu wa shule ameniambia nikitoe "kimya kimya", na nipitie rafu nitoe na vingine vya namna hiyo. Wakati huohuo tumeletewa maboksi 14 ya vitabu vya msaada kutoka nje, na naambiwa anayepewa msaada hachagui. Nikikitoa kile kitabu, nitakuwa nimefanya uteuzi au udhibiti? Na nikikataa baadhi ya maboksi je?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Nianze na jibu lenyewe, maelezo yafuate. Maboksi una haki ya kuyachambua na kukataa hata nusu yake, na huo ni uteuzi. Kitabu cha balehe ukikitoa kimya kimya utakuwa umefanya udhibiti, hata ikija kuonekana baadaye kwamba kitabu chenyewe kilikuwa kibovu. Kosa limo kwenye hayo maneno mawili ya mkuu wako.

Maktaba isiyokataa kitabu haipo. Rafu zako zina mwisho, na kila unapoweka kimoja umeshakataa vingine elfu bila hata kuvijua. Anayesema "maktaba isichague, iweke vyote" hajawahi kubeba boksi la vitabu. Mwaka 1953 mkutubi wa Kimarekani, Lester Asheim, aliandika makala fupi ambayo hadi leo husomeshwa kwenye vyuo vya ukutubi. Hoja yake, kwa maneno yangu: mteuzi hukishika kitabu akitafuta sababu ya kukiweka, mdhibiti hukishika akitafuta sababu ya kukitoa. Mteuzi hupima kitabu kizima, mdhibiti hutafuta ukurasa.

Naikubali hoja hiyo, ila naona Asheim alituhurumia mno sisi wakutubi. Nia iko moyoni, nani ataiona? Nimeshasikia mwenzangu akisema "hiki fedha hazitoshi", kumbe anaogopa simu ya afisa elimu. Na mimi nimeshasema hivyohivyo. Kwa hiyo kipimo changu ni cha kienyeji zaidi: niandikie sababu, weka tarehe, tia saini. Sababu ambayo huwezi kuiandika kwenye leja ya maktaba ukaiacha hapo mthibiti ubora aisome, hiyo tayari unajua ni ya aina gani.

Nilipokuwa kijana kazini nilitumwa kukagua maktaba ya shule moja ya bweni ya wasichana. Jina lake silitaji. Kwenye rafu ya 612, ambako tunaweka elimu ya mwili wa binadamu, palikuwa na kitabu kimoja kinene cha Baiolojia. Nilikitoa, nikakilaza mezani, kikajifungua chenyewe katikati kama mlango uliozoea mtu. Kurasa sita zilikuwa zimegundishwa kwa uji wa muhogo. Ukingoni mwa ukurasa wa kwanza palikuwa na alama za kucha, na kona moja ilikuwa imebanduka, imejikunja kwa mvuke. Kwa dhana yangu walitumia birika la chai. Karatasi ya tarehe nyuma ya kitabu ilikuwa imejaa mihuri pande zote mbili, wakaongeza ya pili. Hakuna kitabu kilichoazimwa namna ile katika maktaba nzima.

Nikamuuliza mwalimu wa maktaba, mama mmoja mpole sana, nani aliyemwagiza. Hakuagizwa na mtu. Aliogopa tu kwamba ipo siku ataulizwa. Nikafungua leja: kitabu kimeandikwa kizima, hakuna neno kuhusu kurasa. Na kurasa zenyewe? Hedhi na utungaji wa mimba, mada ambayo wasichana wale wangeulizwa kwenye mtihani wa taifa.

Nimelisimulia hilo kwa sababu watu wakisikia udhibiti wa vitabu hufikiria waziri na orodha. Orodha zipo, nitazifikia. Lakini udhibiti mwingi niliokutana nao katika miaka yangu yote ulifanywa na mtu mwema mwenye hofu, akiwa peke yake, saa za jioni. Na aliye juu ya wote ni kufuli. Ni shule ngapi umeingia ukakuta kabati la vioo, vitabu vimepangwa kwa urefu kama sahani za wageni, harufu ya wino bado iko palepale, ufunguo anao mwalimu wa taaluma na mwalimu wa taaluma yuko likizo? Ukiuliza unaambiwa "vitapotea". Vitapotea, ndiyo. Kwa mtoto asiyeruhusiwa kuvigusa vimeshapotea tayari, na hapo hakuna mtu aliyevikataa kwa maadili wala kwa siasa.

Sasa orodha. Mwezi Februari 2023, Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza kupiga marufuku vitabu kadhaa mashuleni kwa maelezo kwamba vinakiuka maadili ya Kitanzania. Humo ulikuwamo mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, ambao watoto wa shule za Kiingereza walikuwa wakiupokezana kama peremende. Mimi na wewe tunaweza kubishana usiku kucha kama katazo lile lilikuwa la busara kwa kila kitabu. Wenzangu wengi walinung'unika. Ila wewe ni mtumishi wa umma. Kitabu kilichotajwa kwenye katazo la Wizara kinatoka rafuni, unaandika kwenye leja "kimeondolewa kwa agizo la Wizara", tarehe, na kumbukumbu ya waraka. Hapo hujaficha kitu: aliyeamua anajulikana, na anayetaka kulalamika anajua aende wapi.

Unachotakiwa kujihadhari nacho ni kuliongezea katazo majina. Baada ya tangazo lile, kuna walimu walioondoa kila kitabu chenye mchoro wa mwili, wengine kila kitabu chenye jalada la kizungu la kuchekesha. Katazo lina orodha. Kitabu chako cha balehe kipo kwenye orodha? Kama hakipo, basi Wizara haijakikataza, na asikuambie mtu kwamba imekikataza "kwa roho". Kitu cha pili cha kukagua ni ithibati, yaani kibali rasmi cha kitabu kutumika shuleni. Vitabu vya kiada na ziada hupitia Taasisi ya Elimu Tanzania, na chenye ithibati kinakupa mgongo wa kuegemea mbele ya mzazi yeyote. Kama hakina, kipeleke kwa afisa elimu kwa barua, uombe maelekezo kwa maandishi. Utashangaa jinsi watu wanavyokuwa waangalifu wakiombwa waandike.

Wewe ni mwalimu wa Kiswahili, kwa hiyo Rosa Mistika unaijua. Euphrase Kezilahabi aliitoa mwaka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni kwa sababu ilizungumza wazi mambo ya mapenzi na mimba. Miaka ikapita, ikaruhusiwa, ikasomwa madarasani, na leo hakuna anayeandika historia ya riwaya ya Kiswahili akairuka. Kinachonichekesha, na si kicheko cha furaha, ni kwamba riwaya yenyewe inamhusu binti anayelelewa kwa bakora. Baba yake, Zakaria, anakamata barua ya mvulana, anampiga binti, basi, malezi yameisha. Rosa anatoka mikononi mwa baba huyo kwenda shule ya bweni akiwa hajaambiwa lolote kuhusu wanaume zaidi ya kipigo. Waliokizuia kitabu walifanya alichofanya Zakaria na ile barua.

Na hata leo, angalia vitabu vyako mwenyewe vya fasihi. Tamthiliya ya Kilio Chetu imekuwa mikononi mwa wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne kwa miaka mingi, na kiini chake ni watoto ambao wazazi wao waliona haya kuwaambia ukweli wa ujana, na UKIMWI ukiwa nje unasubiri. Nadhani umeifundisha, umewapa na swali la "dhamira". Sasa shule hiyohiyo inaondoa rafuni kitabu kinachosema kile ambacho tamthiliya inalia kwamba hakikusemwa. Mkuu wako akikuita, mwombe ruhusa umwekee vitabu viwili hivyo mezani pamoja. Usimhubirie, viache tu vikae.

Twende kwa mzazi. Usimwone adui. Mtu aliyeacha shamba au genge lake akaja shuleni kwa sababu ya kitabu, huyo anasoma, au angalau anaamini kitabu kina nguvu, na wazazi wa namna hiyo tunao wachache. Mkaribishe, mpe kiti, mwache amalize hasira yake. Halafu mpe karatasi yenye maswali machache: jina la kitabu, ni ukurasa gani uliokusumbua, umesoma kitabu chote au sehemu, ungependa shule ifanye nini. Mwambie kikao kitakaa lini na kwamba atajibiwa kwa barua. Kitabu kikae rafuni mpaka kikao kiamue, maana ukikitoa kwanza, kikao kitakuwa cha kuhalalisha tu. Nimeona malalamiko mengi yakiishia pale penye "umesoma chote au sehemu". Mzazi anaomba kitabu akakimalizie nyumbani, anakirudisha baada ya wiki, anasema "sawa, lakini mngetuambia". Hapo ana haki yake. Mngemwambia.

Akishikilia kwamba binti yake asiazime vitabu vya namna hiyo, hilo ni jambo kati ya familia na shule, liandikeni. Lakini hawezi kuwaamulia watoto wa wenzake wote. Haki yake inaishia mlangoni kwake.

Kuna mtu mmoja ambaye barua yako imempita haraka: huyo binti. Ametajwa kama begi tu. Mtoto wa miaka 14 alitembea mpaka kwenye rafu, akachagua kitabu hicho, akasimama mezani kwako ukakigonga muhuri. Alikuwa na swali. Sasa kitabu kimepeperushwa ofisini, na shule nzima, ukiwajua watoto, imeshapata habari. Kabla ya kikao, kabla ya leja, hakikisha hachekwi wala haitwi mstarini. Na daftari la kuazimia lifungie. Mkuu akikuomba majina ya wengine waliowahi kukiazima "ili tuongee na wazazi wao", kataa kwa adabu; mwambie daftari hilo ni la kufuatilia vitabu, halikuwekwa kufuatilia watoto. Siku wanafunzi watakapojua kwamba daftari lile linasomwa na wengine, rafu ya 612 haitaguswa tena na mtu, na hutahitaji uji wa muhogo.

Utapendekezewa njia ya katikati: kitabu kibaki, lakini kiwe nyuma ya meza yako, anayekitaka aombe. Wakutubi wengi wanaipenda njia hiyo kwa sababu inamaliza ugomvi. Mimi siipendi. Niliwahi kukaa siku nzima kwenye maktaba iliyokuwa na rafu kama hiyo, mwalimu wa maktaba ni mwanaume, kijana mchangamfu tu. Msichana mmoja alikuja mara tatu mpaka mezani. Mara ya kwanza aliuliza saa ngapi. Mara ya pili akaomba kamusi. Mara ya tatu akairudisha kamusi, akaitazama rafu ya nyuma, akaenda zake. Siwezi kuapa kwamba alitaka kitabu cha hedhi, lakini kamusi hakuifungua. Kama lazima uwe na rafu ya namna hiyo, basi iwe ya umri: vya kidato cha tatu na cha nne vikae upande mmoja wa chumba, mtoto ajichukulie mwenyewe. Kupima umri ni uteuzi halali kabisa. Mtoto wa miaka 13 na kijana wa 18 wako shule moja, na si kila kitabu ni cha wote wawili.

Watakuletea pia orodha za WhatsApp: "vitabu hatari kwa watoto wetu, sambaza". Mchezo huo ni wa zamani kuliko simu. Mwaka 1975 wajumbe watatu wa bodi ya shule za Island Trees, jimbo la New York, walikwenda kwenye mkutano wa kikundi cha wazazi, wakarudi na orodha ya vitabu visivyofaa pamoja na vipande vilivyonukuliwa. Wakaenda kutazama kwenye maktaba ya sekondari yao, wakavikuta tisa. Bodi ikaunda kamati ya wazazi wanne na watumishi wanne wa shule ivisome, kamati ikashauri vingine vibaki, bodi ikaipuuza kamati yake yenyewe na kuviondoa. Mwanafunzi mmoja, Steven Pico, akafungua kesi pamoja na wenzake, ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1982 majaji watano dhidi ya wanne wakawa upande wa wanafunzi. Jaji Brennan aliandika kwamba bodi haiwezi kuondoa kitabu maktabani kwa sababu tu haipendi mawazo yaliyomo, ingawa inaweza kukiondoa kwa sababu za kielimu. Hiyo ni sheria yao, huwezi kuipeleka kwa afisa elimu wa wilaya yako. Nakupa kisa chenyewe: orodha ilitoka kwingine, na vitabu vilikuwa vimehukumiwa kwa vipande.

Usidhani basi kwamba wakali ni wazazi wa dini na wanasiasa tu. Mwaka 2001 jopo la walimu katika jimbo la Gauteng, Afrika Kusini, lilipendekeza riwaya ya Nadine Gordimer iitwayo July's People iondolewe kwenye vitabu vya shule kwa madai kwamba ni ya kibaguzi. Gordimer! Mama ambaye vitabu vyake kadhaa vilipigwa marufuku na serikali ya makaburu. Jopo hilohilo likamkuta Shakespeare na makosa yake: Hamlet haileti matumaini, Julius Caesar inawatukuza wanaume. Kelele zikapigwa, wakubwa wa jimbo wakalikana pendekezo. Mimi niliposoma habari ile nilimkumbuka Mwalimu Nyerere, ambaye mwaka 1963, akiwa na nchi changa mkononi, alipata muda wa kuitafsiri Julius Caesar kwa Kiswahili. Sijui angejibuje jopo lile. Kwa ufupi, nia njema ya kimaendeleo nayo hugundisha kurasa.

Ilani ya maktaba za shule ya mwaka 1999, ya UNESCO na IFLA (shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba), inasema huduma na vitabu visiwekewe udhibiti wa kiitikadi, kisiasa wala kidini, wala shinikizo la kibiashara. Maneno mazuri, yabandike ukutani. Lakini hayatakusaidia saa mbili asubuhi ofisi ikiwa imejaa. Kitakachokusaidia ni ukurasa wako mmoja wa sera ya uteuzi, uliopitishwa na bodi ya shule kabla ugomvi haujazuka. Keti na mwalimu wa taaluma, mwalimu wa sayansi, mwalimu wa ushauri nasaha na wanafunzi wawili. Andikeni nani anateua, mnaangalia nini, na mlalamikaji anafuata njia gani. Ukurasa mmoja unatosha. Nimeona sera za kurasa 30, zote ziko kwenye kabati, zimefungiwa pamoja na vitabu.

Sasa maboksi, ambako kuna kazi ya mikono. Huo usemi wa kwamba anayepewa msaada hachagui umetujazia maktaba takataka. Niliwahi kufungua boksi nikakuta nakala 40 za mwongozo wa kodi ya mapato wa jimbo moja la Marekani. Jingine lilikuwa na vitabu vya kumwoka bata mzinga. Anayeleta anahesabu uzito wa kontena, wewe unahesabu nafasi ya rafu, na mtoto anahesabu mara ngapi ameingia asikute kitu cha kusoma. Akiingia mara tatu, harudi.

Chukua boksi moja moja, meza ndefu, kitambaa cha vumbi. Angalia kwanza mwaka. Kitabu cha UKIMWI cha miaka ya 1990 kinachosema ugonjwa huu hauna dawa wala matumaini usikiweke kamwe. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004, na darasani kwako huenda yupo mtoto aliyezaliwa na VVU, anameza vidonge vyake kila jioni na ana afya kukushinda. Kitabu kile kitamwambia kwamba amekufa. Hicho ukikitoa, andika "taarifa za tiba zimepitwa na wakati", na hakuna atakayekuita mdhibiti. Vivyo hivyo jiografia yenye mikoa 26 ya Tanzania: Geita, Katavi, Njombe na Simiyu iliongezeka mwaka 2012, Songwe mwaka 2016, sasa ni 31. Atlasi yenye Zaire nayo haifai kwa mtihani, ila nakala moja mpe mwalimu wa Historia. Mimi huwa naacha moja. Ramani iliyokosea leo ilikuwa sahihi siku moja, na wanafunzi hupenda kuliona hilo kwa macho yao.

Kisha lugha. Maboksi 14 ya Kiingereza yakiingia kwenye maktaba yenye vitabu 900, rafu zote zitaongea Kiingereza, tena cha watoto wanaocheza na theluji. Sisemi theluji imekatazwa. Nasema hesabu. Kwa kila kitabu cha msaada unachokiweka mbele, hakikisha cha Kiswahili hakikusukumwa nyuma. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza mwaka 1991 kwa sababu hiyohiyo, watoto wa Kitanzania walikuwa hawana hadithi za kwao za kusoma, na vitabu vilivyotokana nao bado utavikuta, vyembamba, vimekaa mwishoni mwa rafu ambako havionekani. Vitoe vikae usawa wa macho. Kwa wafadhili andika barua ya shukrani ya kweli, ueleze umeweka vingapi, umekataa vipi na kwa nini, na mara nyingine ungependa nini. Wengine watakasirika. Wachache watauliza bei ya vitabu vya Kiswahili Dar es Salaam, na hao ndio wa kushika mkono.

Jambo la mwisho ni vile utakavyoviondoa, vya maboksi na vya zamani. Usivifute peke yako. Mali ya shule hufutwa kwa kikao, na muhtasari unabaki. Mstari wa leja usikwanguliwe kwa wembe wala kupakwa rangi nyeupe. Piga mstari mmoja mwekundu, jina libaki linasomeka, pembeni sababu na tarehe. Kisha gonga muhuri wa "KIMEFUTWA" juu ya ule wa maktaba. Usiidharau hatua hiyo. Juzi nilinunua karanga stendi, zimefungwa kwa ukurasa wa kitabu cha hadithi, muhuri wa maktaba ya shule fulani uko palepale, wa buluu, haujafutwa. Nikamuuliza kijana amevipata wapi, akasema vililetwa gunia zima, na kwamba hadithi nzuri huwa anamsomea mdogo wake kwanza kabla hajazichana. Karanga nilizila nikiwa nimesimama pale, nasoma. Sungura alikuwa ametumbukia kisimani na Fisi yuko juu ameshika kamba. Ukurasa ukaishia hapo.